Jinsi nilivyompatia paka wangu daktari wa pili

Paka wetu dume wa miaka 4 alipoacha kula na kuanza kutapika, daktari wa mifugo wa kwanza alimpima damu, akaona kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, imepanda mno, akatueleza kwamba figo zimekufa na kwamba huruma iliyobaki ni kumchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Sikumbishia, ila niliomba nakala ya majibu na orodha ya dawa alizokwisha kupewa.

Jioni hiyohiyo nilimpigia simu daktari mwingine. Kabla sijamaliza kumsomea tarakimu, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: amekojoa lini mara ya mwisho? Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akichuchumaa juu ya mchanga wake, akijikamua na kulia, nami nikidhani amefunga choo. Alinitaka nimpeleke usiku uleule, kwa kuwa njia ya mkojo ikiziba, potasiamu hujaa katika damu na moyo unaweza kusimama.

Tulimpeleka kwa bajaji, ndani ya kikapu cha sokoni. Daktari alipompapasa tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. Alimpa dawa ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba, na mkojo ukatoka ukiwa na rangi ya damu. Paka alikaa na dripu siku 3; kipimo kiliporudiwa, kreatinini ilikuwa imeshuka karibu na kawaida, maana figo zilikuwa zimezidiwa tu. Sasa anakula chakula chenye majimaji, na mchanga wake naukagua kila asubuhi.