Hodi kwa miadi

Mwaka wa kwanza hapa Wuppertal, Ujerumani, siku zilikuwa ndefu kuliko kazi. Mume wangu ni mchungaji wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kutoka Bukoba. UEM, ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, ulimleta kuhudumu huku miaka mitatu, akiwa amebakiza kidogo astaafu. Mimi nilishaacha ualimu kwa hiari nilipofika miaka 55. Kwetu mama mchungaji anafanya kazi kwa miguu: kwa mgonjwa, kwa aliyefiwa, kwa aliyejifungua. Nikadhani nitaendelea hivyo hivyo.

Wiki ya pili nikashuka kusalimia jirani wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka themanini na ushei anayeishi peke yake. Nikabisha. Akafungua mlango kidogo, mnyororo bado umefungwa, akauliza jambo kwa haraka. Baadaye ndipo nilipoelewa: alidhani bomba letu limepasuka na maji yanamvujia. Kijerumani changu kilitosha salamu tu. Nikamsalimia, tukatazamana, nikapanda ngazi zangu.

"Mama, huku hawapigi hodi," Mzee akaniambia. "Wanachukua Termin."

Yaani miadi. Kwa daktari, sawa. Lakini kumjulia hali mzee wa watu hadi mwandikiane siku? Nilinuna siku mbili nzima, na Mzee akajipikia chai.

Siku ya tatu nikanunua diari ndogo. Katibu wa usharika akaniandikia sentensi moja kwenye karatasi, nikaikariri kama mtoto wa darasa la kwanza: Je, Alhamisi saa tisa itakufaa? Saa tisa alasiri ndiyo saa yao ya kahawa na keki. Nikamtumbukizia jirani kikaratasi kwenye sanduku la barua, akajibu siku hiyo hiyo.

Faida yake sikuitegemea. Kwetu ukipita ghafla unaweza kumkuta mwenyeji shambani, au anaosha watoto. Huku aliyekuandika kwenye diari anakusubiri. Vikombe vimepangwa, nywele zimechanwa, na kwa muda huo ni wako peke yako. Ila usichelewe. Nimesimama kwenye ngazi za watu mara nyingi nikisubiri dakika tano ziishe, maana kuwahi nako si adabu.

Mwaka wa pili nilikuwa na nyumba tano, sita kwa wiki. Nyingi naziendea kwa ile treni yao inayoning'inia juu ya mto Wupper tangu 1901. Siku ya kwanza Mzee aliikumbatia nguzo kwa mikono miwili kama yuko mtumbwini katikati ya Ziwa Victoria. Sasa analala humo. Kilichomshinda ni taka: pipa la njano, la bluu, la kahawia, na chupa ambazo hazitupwi Jumapili kwa sababu ya kelele. Alizitupa Jumapili, tena ametoka kuhubiri, kola bado shingoni. Dirisha likafunguka juu yake, akahubiriwa yeye.

Jirani yangu nilimpelekea kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni Uhaya. Nikamweleza nilivyoweza. Alhamisi iliyofuata akaniambia kwa huzuni kwamba mashine yake ya kusaga imekwama.

Kisha dada yangu akafariki. Mazishi yalikuwa baada ya siku mbili, na nauli ya ghafla hatukuwa nayo. Tuliegemeza simu kwenye birika mezani tukafuatilia kwa WhatsApp, mtandao ukakatika wakati wa kutia udongo. Jioni nzima mlango haukubishwa, nami nikawaza msiba kwetu ungekuwa umejaza watu hadi uani.

Kesho yake nikakuta kadi kwenye sanduku, yenye ukingo mweusi. Jirani anatupa pole. Je, Alhamisi saa tisa itatufaa, aje tukae pamoja?

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Alhamisi, saa nane na dakika hamsini na tano, nilisikia viatu vyake vikisimama kwenye ngazi. Saa tisa kamili akabisha. Amevaa nguo nyeusi, hakuleta keki. Alikaa saa nzima bila kusema neno, mkono wake juu ya wangu. Alipotaka kuondoka akaonyesha kikapu cha kahawa kabatini, akachukua punje moja, akaitia mdomoni na kuitafuna taratibu, kama nilivyomfundisha.