Vimeng'enya vya ini langu na mteremko wa Menengai

Kampuni moja ya bima ya maisha ilinitaka nipimwe damu kabla ya kunikubali, na majibu yakarudi na mistari miwili iliyowekewa nyota: ALT 88 na AST 52, vimeng'enya viwili vinavyopimwa ili kuangalia ini, ilhali maabara ile ilihesabu 40 kuwa kikomo cha juu cha zote mbili. Kabla sijamfikia daktari nilikuwa nimekwisha kupewa ushauri wa kutosha kuanzisha hospitali. Jirani yangu hapa Nakuru aliniambia niache pombe, na nilipomkumbusha kwamba sijawahi kuonja hata tone, alitabasamu kama mtu aliyegundua ulevi wa siri. Shangazi yangu alikuja kutoka Molo na chupa ya soda ya lita mbili iliyojaa maji meusi ya mizizi, yenye povu la rangi ya kutu shingoni, akanikabidhi na maagizo yake: "Kunywa kikombe asubuhi kabla hujatia kitu tumboni, baba. Hii inasafisha ini lote."

Nilimshukuru, nikaipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, nikaiweka juu ya kabati, na haikushuka hapo hadi siku nilipoipeleka kwa daktari ili aione. Alinieleza kwamba ini halihitaji kusafishwa na mtu, kwamba baadhi ya mitishamba ndiyo yenyewe hulijeruhi, na kwamba lau ningeinywa asingeweza kujua kama vipimo vijavyo vinaonyesha ugonjwa wangu au chupa ya shangazi. Kisha akaniuliza kuhusu kila kidonge nilichomeza miezi ile, kuanzia parasetamoli hadi za kifua kikuu. Anayekwenda kwa jambo hili na abebe pakiti zenyewe, kwa sababu majina ya dawa husahaulika pale pale mlangoni.

Maelezo yake yaliyonituliza ni haya. Vimeng'enya hivi hukaa ndani ya seli, na seli zikiumia huvuja na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo namba kubwa huonyesha uvujaji, lakini haionyeshi kama ini linafanya kazi yake. Kazi ya ini hupimwa kwa mambo mengine, yaani albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda, na yote matatu yangu yalikuwa sawa. Vipimo vya homa ya ini B na C havikuonyesha maambukizi. Ultrasaundi, iliyonigharimu elfu tatu na kitu, ilionyesha mafuta kwenye ini, jambo linalowapata wengi wasiokunywa pombe, hasa wenye kitambi kama changu. Nilikuwa na kilo 96, na daktari alitaka nipunguze kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito, pole pole, bila kujinyima chakula kwa kishindo. Soda na sukari ya chai ziliondoka, ugali ukapungua, mboga zikaongezeka, nami nikajiunga na kikundi cha watembeaji wa Jumamosi.

Kikundi hicho ndicho kilichonipa mkasa ninaopenda kuusimulia. Jumamosi moja tuliteremka ukuta wa Menengai, mlima wa volkano ulio hapa Nakuru, hadi sakafuni mwa kreta, tukarudi juu, na Jumatatu nilishuka ngazi za ofisi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Siku hiyo hiyo ilikuwa zamu yangu ya kurudia kipimo. AST ilitoka 158, na ALT 94. Mhudumu aliyenipa karatasi alitikisa kichwa na kusema ini limechachamaa, nami nikarudi nyumbani nimenyong'onyea.

Lakini mimi ni mhasibu, na mhasibu haamini jumla kabla ya kukagua mistari. Niliandika majibu yote kwenye jedwali moja, safu kwa safu, nikaona kwamba AST imeruka karibu mara tatu huku ALT ikisogea kidogo tu, na GGT, kimeng'enya kingine cha ini, pamoja na bilirubini hazikutikisika kabisa. ALT hutoka zaidi kwenye ini, ilhali AST imo pia kwenye misuli. Daktari alikuwa amenionyesha hesabu iitwayo FIB-4, ambayo huchukua umri, AST, ALT na idadi ya chembe sahani za damu ili kukadiria kama ini limeanza kuwa na makovu. Kwa miaka yangu 46 na chembe sahani 240, majibu ya kwanza yalitoa takriban 1.06, chini ya 1.3, yaani hatari ndogo. Nilipoingiza AST ya Jumatatu nikapata 3.12, juu ya 2.67, kiwango cha mtu anayestahili kupelekwa kwa bingwa wa ini. Makovu hayaoti kwa mteremko mmoja! Nilimpigia daktari nikamwomba aongeze kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, naye akacheka na kukubali. Kilitoka zaidi ya elfu nne. Alinieleza kwamba kuteremka huumiza misuli kuliko kupanda, akaniuliza mara mbili kama mkojo umekuwa mweusi, kwa kuwa hilo lingekuwa jambo la kukimbilia hospitali kwa ajili ya figo. Haukuwa.

Nilipumzika zaidi ya wiki mbili, nikapima tena katika maabara ile ile, maana vikomo hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine na kulinganisha karatasi mbili zisizo za nyumba moja ni kujichanganya. AST ilirudi 39, ALT 61. Tangu hapo sipimi damu katika wiki niliyotoka mlimani. Nilipofika kilo 88, ALT ilikuwa 37, na kampuni ya bima ikanikubali, ingawa kwa ada iliyozidi kidogo ile waliyonitajia mwanzoni.

Limebaki jambo moja. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B baada ya rika letu kuwa watu wazima, hivyo daktari alinishauri nichanjwe, kwa kuwa sina virusi wala kinga. Nimekwisha kupata sindano mbili, na ya tatu huja miezi sita baada ya ile ya kwanza. Jirani naye nimemshauri aende akapimwe, maana yeye hunywa.