Neti ya mjomba imechomwa, na mnunuzi je?

Wiki iliyopita nilienda bichi kumwona mjomba wangu, hapa nje kidogo ya Kisumu, nikamkuta amekaa kando ya boti kimya kabisa. Neti zake zilikua zimeshikwa asubuhi hio, zikamwagiwa mafuta ya taa zikachomwa hapo hapo. Zilikua monofilamenti, ile ya uzi mmoja kama plastiki, na macho yake hayafiki inchi 5, kwa hivyo hatutadanganyana, sheria alivunja na yeye mwenyewe alikubali. Na mimi siwezi kutetea monofilamenti ata kidogo. Ikikatikia majini haiozi, inabaki huko chini ikishika samaki ambao hakuna mtu atawatoa, na nishaona mbuta (sangara) wadogo wadogo wakitolewa kwa hizo neti wakati kila mvuvi wa Ziwa Victoria anajua mbuta wa chini ya sentimita 50 haguswi.

Kilichoniuma ni kingine. Ile pikapu ya barafu yenye humsubiri mjomba kila asubuhi ilikua imepaki pale pale karibu na moto, na hakuna mtu alimuuliza mwenyewe swali moja. Yeye ndiye hununua hao mbuta wadogo kila siku, tena anajua ni wadogo ju bei anayotoa ni ya wadogo.

Sasa jioni nikamwambia binamu yangu hio stori kwa simu. Ameolewa Scotland, na akanichekesha akisema huko mwaka jana walitaka kupeleka watoto kuvua samaki anaitwa salmoni Jumapili wakaambiwa haiwezekani, kuvua salmoni Jumapili ni kosa. Nikaanza kusoma sheria zao usiku huo na sikulala mapema. Neti za salmoni hazitakiwi kuvua kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kila wiki, na kila mwaka mto unafungwa kwa neti siku zisizopungua 168. England nako kuna sheria ya 1975 inakataza mkuki, taa ya usiku, sumu, baruti, ata kumrushia samaki mawe ili umshike ni kosa, na samaki anayekaribia kutaga mayai lazima umwache.

Sababu ya ukali wote huo ni kwamba salmoni hutoka baharini akapanda mto kwenda kutaga, na akiwa safarini hivyo ukiziba mto na neti unamaliza ukoo mzima. Hapo nilikumbuka ningu, samaki wetu ambaye pia hupanda mito kutaga. Wazee wetu wanasema mvua kubwa ikianza ningu walikua wanapanda Nzoia, Nyando na Sondu kwa wingi hadi watu wanawangoja kwa vikapu. Halafu neti zikawekwa kwenye midomo ya mito, zikiwashika wakiwa bado na mayai tumboni. Watoto wangu hawajawahi kula ningu. Na si eti hatukuonywa, ju mtafiti Michael Graham alipima hili ziwa 1927 na 1928 akapendekeza macho ya neti yasipungue inchi 5 ili ngege, tilapia wetu wa asili, wasiishe.

Lakini kitu nilisoma mara tatu ni kifungu cha 32 cha sheria ya salmoni ya 1986, kinachotumika England na Wales. Ukipokea salmoni, au ukisaidia kumhifadhi au kumuuza, na kuna sababu ya kushuku alivuliwa kinyume cha sheria, umekosa, na unaeza fungwa mpaka miaka 2. Haisemi lazima ukutwe na neti. Mwenye hoteli, mwenye lori, mwenye friza, wote wanaeza guswa.

Hicho ndicho nataka kuona kwa bichi yetu. Kila Aprili mpaka mwisho wa Julai uvuvi wa omena (dagaa) unafungwa, na mzigo unaangukia wamama wanaoanika, kina shangazi yangu, wanakaa miezi minne wakikopa unga dukani na wanavumilia ju wanajua omena inazaa. Mwenye boti anapoteza neti. Na yule wa pikapu, ambaye pesa yake ndio inafanya mtu aingie ziwani usiku na neti mbaya, kesho anahamia bichi ingine kununua huko. Mjomba aliniambia hizo neti zenyewe alikopeshwa na huyo huyo mnunuzi, alipe polepole kwa samaki. Kwa hivyo neti imeungua na deni liko.

Mkutano wa BMU, kamati ya kusimamia bichi, ni Alhamisi. Nimeandika hicho kifungu cha 32 kwa Kiswahili na kwa Dholuo kwenye karatasi, na mjomba amekubali kusimama aseme mbele ya watu neti zilitoka kwa nani.