Jinsi nilivyowatenganisha wajina wanne wa ukoo mmoja

Nilipoandika mti wa ukoo, kilichonikwamisha kilikuwa majina. Kuanzia mzee wa ukoo hadi vilembwe nilikuwa na vizazi vitano, na ndani yake wanaume wanne wenye jina lilelile, na la baba lilelile. Niligundua nimekosea nilipoona daftarini mama mmoja kajifungua mara mbili ndani ya miezi mitano. Haiwezekani. Nilikuwa nimembandikia mtoto wa shemeji yake.

Nikaacha kutegemea majina, nikampa kila mtu namba kwa mtindo wa d'Aboville, uliobuniwa mwaka 1940 na Jacques d'Aboville. Mzee wa ukoo ni 1. Watoto wake, kwa kufuata kuzaliwa, ni 1.1, 1.2, 1.3. Mtoto wa pili wa huyo wa tatu ni 1.3.2. Namba yenyewe inakupandisha mzazi kwa mzazi hadi juu. Nukta usiziache: kwenye familia ya watoto kumi na mmoja, 1.2.11 si sawa na 1.2.1.1.

Waliofariki wachanga nao niliwapa namba, na hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Mmoja wa wale wanne alikuwa kichanga, na mdogo wake aliyezaliwa baadaye akapewa jina lake. Miaka yote nilikuwa nimewafanya mtu mmoja! Nimemrudishia nafasi yake, 1.3.4, mdogo wake ni 1.3.5. Mkono ulinitetemeka nikiandika mstari ule.

Ila ukigundua mtoto katikati, namba za wadogo zake na vizazi vyao zote hubadilika. Naandika kwa penseli.