Siku yangu moja ya huduma ya mkoba Oldonyosambu

Saa 11 alfajiri

Naamka, nabandika chai, halafu kitu cha kwanza nashika simu kuangalia kama mwinjilisti wa Oldonyosambu, huku kwetu Arusha, amejibu. Amejibu usiku, kanisa limeshafagiliwa na kina mama wametangaziwa tangu ibada ya Jumapili, basi moyo unatulia. Mimi ni muuguzi, niko upande wa kanisa, KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kazi yangu kubwa ni huduma ya mkoba, yaani tunawafuata watu kule waliko badala ya kuwasubiri wafike hospitali wakiwa wamezidiwa. Siku za mkoba mume wangu ndiye anaandaa watoto wa shule, kuanzia sare mpaka hela ya daladala, tulishakubaliana hivyo na Mungu ambariki maana sijawahi kusikia analalamika.

Saa 12 na nusu

Gari linanipitia Sakina, ndani yupo mama mchungaji. Ndivyo tunavyomwita wote, ni Mjerumani, fani yake ni tiba ya mazoezi ya viungo, mume wake mchungaji anafundisha chuo cha kanisa cha Makumira. Wana watoto watatu na wote wanaongea Kiswahili cha mtaani kabisa, yule mdogo ukimwamkia Kijerumani anakujibu "poa".

Watu wengi wanawaona wamisionari wana gari na nyumba yenye bustani wanadhani ni maisha ya raha tu, ila mimi niko nao karibu naona upande mwingine. Wanaishi kwa kibali cha daraja C, kile wanachopewa wamisionari, na kila kikikaribia kuisha nyumba nzima haitulii mpaka kipya kitoke. Binti mkubwa anakaribia kumaliza darasa la saba na wazazi hawajaamua aendelee hapa au arudi Ujerumani akae na bibi ambaye amemzoea zaidi kwenye simu kuliko uso kwa uso. Mama mchungaji alipofiwa na baba yake hakuwahi mazishi, kina mama wa jumuiya yetu ndio walimjazia sebule yake, wakapika, wakaimba, wakakaa naye matanga kama tunavyokaa na mtu wetu yeyote, na tangu hapo nadhani ndio aliacha kuwa mgeni.

Mimi ni Mmeru. Kwetu kila mtoto wa Kilutheri anajua habari ya Akeri, kwamba wamisionari wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani walishafika Machame 1893, na wale wawili waliokuja kuanza kazi Meru, Ovir na Segebrock, wakauawa pale mwaka 1896. Kwa hiyo mimi na mama wa Kijerumani tukiwa tumebanana siti moja na maboksi ya P.O.P., ile plasta ya kufungia mifupa, na mizani magotini, jamani, mimi sichukulii kawaida hata siku moja.

Saa 2 na robo

Tumefika. Upepo na vumbi, vuli bado haijaanza, Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni. Kina mama wameshajaa nje ya kanisa na mashuka yao, "takwenya", "iko", salamu na jibu lake kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, kazi inaanza. Nesi wa zahanati ya serikali kaja na boksi la barafu lenye chanjo, tunafanya wote kwa pamoja, maana chanjo ni za serikali, jengo na gari ni la kanisa, na mtoto ni yule yule. Mizani tunaining'iniza kwenye boriti, watoto wanavalishwa ile kaptula wanapanda wanalia, kadi zinaandikwa, mikono inapimwa kwa utepe, ikisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na huyo lazima aende kituo leo leo. Leo nyekundu hakuna, asante Yesu. Wa miezi tisa wanachomwa surua, wale wa mwezi na nusu chanjo ya penta na matone ya polio.

Saa 4

Hapa ndipo kazi yenyewe ninayoipenda na inayoniuma. Maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi mno, inatokana na miamba ya volkano ya huo huo Mlima Meru tunaousifia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4 ndio baadaye tukashusha, na kuna visima na vijito huku vinapita hiyo 4 kwa mbali. Matokeo unayaona ukiingia darasa lolote, watoto wana meno ya kahawia, wengine yamemomonyoka, na baadhi yao miguu imepinda.

Kuna mama kaja na wawili, kijana wa kama miaka tisa na kachanga ka miezi saba. Yule kijana akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, anafanya haraka sana, ukiwa hujamwangalia vizuri hutajua kwamba anaficha meno. Mama mchungaji anamsimamisha ukutani, visigino pamoja, halafu anapitisha futi kamba katikati ya magoti na kuandika, anamsifia kwa kusimama wima, anamwonyesha zoezi la kukaza mapaja na kumwandikia aende akaonwe na daktari wa mifupa. Mguu unaweza kusaidiwa kwa upasuaji na mazoezi. Yale meno ndiyo hivyo, yalishaumbika na ile rangi tangu yakiwa ndani ya ufizi.

Ila huyu wa miezi saba bado! Hapo ndipo huwa nakazana mpaka sauti inakauka. Maziwa ya mama yanapitisha floraidi kidogo sana, kwa hiyo ile miezi sita ya kunyonya tu ilimlinda, sasa ameanza uji na uji ni maji. Nawaambia kina mama, mwinjilisti anageuza kwa Kimaa: kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haitoki, tena maji yakipungua sufuriani inakuwa kali zaidi. Wengi hapo huwa wanaguna maana tumewafundisha miaka na miaka kwamba maji ya kuchemsha ni salama.

Halafu magadi. Bibi yake na hao watoto kaja pia, amefunga kipande cha magadi kwenye pindo la shuka, kakinunua asubuhi. Magadi ya huku kwetu yenyewe yamejaa floraidi, ukiyatia kwenye makande ya mtoto unamwongezea juu ya ile ya kwenye maji. Nikasema hivyo kwa adabu zote, nikimwita bibi kwa Kimaa, "koko, kwa hawa wadogo tuyaache." Akanijibu bila kupepesa, "Na kuni utaniletea wewe?"

Na hoja yake ni ya kweli kabisa. Magadi yanalainisha mahindi na maharage haraka, na kuni huku mwanamke anatembea nusu siku, kwa hiyo ukija na somo la floraidi bila jibu la kuni bora ukae kimya. Tulichokubaliana ni kuloweka mahindi na maharage usiku kucha, maji ya kulowekea yawe ya mvua kama yapo, na cha mtoto kipikwe sufuria yake. Bibi akasema atajaribu mara moja aone. Kwangu hiyo ni ahadi kubwa, maana kwenye boma neno la bibi ndilo linalopikwa.

Saa 7 na nusu

Chakula, wali maharage wa kina mama wa kanisa, tunakula haraka. Mama mchungaji anatakiwa kutuma barua ya habari kwa sharika zinazowategemeza huko Ujerumani na wanapenda picha. Alimuomba ruhusa mama wa yule kijana, kisha akamuuliza kijana mwenyewe, akamwonyesha kwenye simu kwanza. Kijana akataka apigwe na mpira wake, uso na mpira, miguu isionekane, na ndivyo alivyopigwa. Nimeshaona picha nyingi za watoto wetu zinazungushwa huko nje zikiwa ni miguu tu, mtoto hana sura wala jina, inaniudhi sana, kwa hiyo hii niliifurahia.

Saa 9

Tunaenda bomani kwa yule bibi. Nyumba moja ina bati, nzuri tu, ila haina gata la kukinga maji ya mvua, yaani vuli zote na masika zote maji safi yasiyo na floraidi yanamwagika uani halafu mtu anachukua punda kwenda kuteka yale mabaya. Tunapima urefu wa bati, tunapanga mahali pa kuweka simtanki la lita 1,000, si la kuoga wala mbuzi, ni la kunywa na kupikia watoto tu. Usharika una mfuko unaochangia nusu, boma linatoa nusu nyingine, wanaweza kulipa kwa awamu. Baba wa nyumba ameuliza kuhusu zile ndoo za mkaa wa mifupa, kama wanazotengeneza pale Ngurdoto kwenye kituo cha wizara ya maji, mifupa ya ng'ombe inachomwa inakuwa mkaa, maji yakipita yanaacha floraidi. Nikamweleza zinafanya kazi, ila ule mkaa unachoka na usipobadilishwa unakunywa maji yale yale ukiamini yamechujwa. Kwa hiyo tumeanza na mvua.

Saa 12 jioni

Nimeshuka kwa mama mchungaji kushusha vifaa, watoto wao wamening'inia getini wanauliza kama leo kuna ugali. Kulikuwa na ugali na mchicha, tukaomba, yule binti mkubwa ndiye aliyeongoza sala, kwa Kiswahili, akaombea kibali.

Saa 3 usiku

Wangu wamelala. Naandika ripoti: waliopimwa, waliochanjwa, rufaa ya mifupa moja. Kwenye safu ya "matokeo" hakuna pa kuandika bibi aliyekubali kuloweka mahindi, nimeandika pembeni kwa kalamu.

Mwinjilisti kapiga, baba wa boma kauza mbuzi mmoja, hela ya gata ipo, anauliza fundi aje lini kabla mvua haijaanza. Nimemwambia Jumamosi, kesho asubuhi nampigia fundi wa Ngaramtoni.