Kiti cha Kukunja

Jioni hii Chicago, zikiwa zimebaki dakika kama kumi mlango ufungwe, kijana mmoja alichungulia chumba cha marubani na kitambulisho mkononi. "Kapteni, samahani, naomba kiti mpaka Columbus." Ndiyo desturi yetu. Rubani wa kampuni nyingine huja mlangoni, huomba kwa adabu, nawe humpa kile kiti cha kukunja nyuma yako. Bure. Sijawahi kumnyima mtu.

Nikaona jina kwenye kamba ya kitambulisho chake. Kampuni ile.

Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa rubani msaidizi wa shirika dogo. Ndege zetu zilipakwa rangi na jina la kampuni kubwa, abiria hata hawakujua tupo. Nililipwa dola 23 kwa saa, na saa ya rubani huanza kuhesabiwa ndege inapoachia breki getini, si pale unapoamka saa kumi alfajiri. Kwa mwezi nilihakikishiwa saa 75. Dola 1,725 kabla ya kodi. Nililala nyumba ya kupanga karibu na uwanja, vitanda vya ghorofa, marubani wa kampuni nne tukipokezana bafu moja.

Ndipo wakubwa wakaja na pendekezo: kubalini mishahara isimame ilipo, tuwape ndege mpya, mkikataa, zinakwenda kwa jirani, shirika dogo jingine kama letu. Baadaye tulijua kwamba jirani naye alionyeshwa karatasi ileile, sisi tukiwa ndio jirani. Kwetu husemwa kidole kimoja hakivunji chawa. Huku vidole vilikuwepo, na chama cha marubani ni kimoja, ALPA, kipo tangu 1931. Ila kila kampuni na mkataba wake, na kura yake. Kila kidole na mkono wake.

Kapteni mmoja mzee alisimama mkutanoni akatukumbusha Comair, shirika dogo kama letu: mwaka 2001 marubani wake waligoma siku 89, wakarudi kazini na nyongeza. Hakuendelea. Wote tulijua kwamba 2012 Comair ilifungwa. (Sisemi mgomo ndio ulioiua, vile vindege vya viti 50 vilikuwa vimeshakuwa mzigo kwa bei ya mafuta.)

Tukapiga kura ya hapana. Jirani wakapiga ya ndiyo, ndege zikaenda kwao. Niliwachukia miaka, na aibu yangu ni kwamba sikuwachukia wakubwa hata nusu yake. Niliwachukia watu waliolala kitanda cha juu yangu.

Mishahara ilikuja kupanda 2022, na si kwa umoja wetu. Wakongwe wengi walikuwa wamestaafishwa mapema wakati wa korona, na vijana walihitaji saa 1,500 angani kabla ya kuajiriwa, marubani wakaadimika.

Nilimwonyesha kijana barakoa ya oksijeni na mlango wa dharura. Chini ya futi 10,000 hatupigi soga, kwa hiyo nilipata muda wa kupanga maneno. Tulipovuka nikamwuliza kama anaikumbuka kura ile.

"Wakati ule nilikuwa shule ya msingi, Kapteni," akasema. Kisha akauliza kama nina chaja, simu imezima na mkewe anamsubiri Columbus.

Nikampa yangu.