Tafakari ya Ijumaa: udhia usioonekana

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Hadithi ya wiki hii wengi wetu tuliihifadhi chuoni tungali watoto. Imam Muslim ameipokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.): imani ni matawi sabini na kitu, au sitini na kitu, lililo bora ni kauli ya Laa ilaaha illa Llah, la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani, na haya ni tawi la imani. Ukimwomba mtoto mfano wa udhia atakutajia ganda la ndizi, mwiba, kigae cha chupa. Hakukosea. Ila udhia wa namna hiyo unaonekana kwa macho, na unaondoka kwa kuinama mara moja. Upo mwingine ambao hauonekani, aliyeuweka keshakufa au keshahama, na kuuondoa kunakula saa nzima kwa eneo lisilozidi mkeka wa kuswalia. Udhia huo ni mabomu ya ardhini, na mahali pa kuutazamia ni Bosnia na Herzegovina.

Tuanzie mjini. Katikati ya Sarajevo, kando ya kanisa kuu la Waorthodoksi na mwendo mfupi kutoka msikiti wa Gazi Husrev-beg, upo uwanja uitwao Trg oslobođenja. Chini pamechorwa ubao wa sataranji wa miraba 64. Kete zake zinapita magoti ya mtu mzima: hubebwa kwa mikono miwili, au mzee akichoka huisukuma kwa mguu. Wenye mchezo ni wawili, lakini wanaocheza ni thelathini, maana waliozunguka ubao hawana haya kabisa. Kila mmoja anajua farasi alipaswa kwenda wapi, na anasema kwa sauti. (Kuhusu hukumu ya sataranji wanazuoni wamehitilafiana. Mashafi wengi wanaihesabu makruhu ikiwa haina kamari wala haipotezi swala. Hapa hatutoi fatwa.) Mchezo huu huko si wa wastaafu tu. Desemba 1994, mji ukiwa bado umezingirwa vitani, timu ya Bosnia ilikwenda Olimpiadi ya sataranji Moscow, vinara wake wakiwa Predrag Nikolić na Ivan Sokolov, ikatwaa medali ya fedha nyuma ya Urusi.

Wabosnia wanauita mchezo huu šah, neno lilelile la Kiajemi ambalo kwa Kiswahili ni shaha, yaani mfalme wa kwenye ubao. Kitunda, yule mdogo wa safu ya mbele, wanamwita pješak: mtembea kwa miguu. Sasa chukua mojawapo ya mabomu ya ardhini yaliyoenea zaidi katika nchi ile, PMA-2. Ile P ya mwanzo ni ya neno lenye shina hilohilo ndani yake, protupješačka, kwa sababu ni silaha dhidi ya askari wa miguu. Na askari wenyewe waliondoka kitambo. Anayetembea kwa miguu katika misitu ile leo ni mtu anayetafuta kuni, uyoga, au ng'ombe aliyepotea.

PMA-2 ni kopo dogo la plastiki la kutosha kiganja. Watu waliipachika jina la pašteta, kwa kufanana na mkebe wa nyama laini ya kupaka kwenye mkate. Ndani mna gramu 100 za baruti, na juu kumechomoza kichwa chenye umbo la nyota. Uzito wa kilo 7 hadi 15 unatosha kuilipua, maana yake hata mtoto mdogo anatosha. Chuma chake ni kidogo mno, kikopo tu cha fataki ya kuilipulia. Mwenzake PROM-1 ni wa tabia nyingine: ni wa chuma, ana kilo 3, na amefungwa waya uliotandazwa majanini. Ukiuvuta waya kwa nguvu ya kilo 3, au ukimkanyaga kwa kilo 9, huruka juu hadi usawa wa kiuno ndipo alipuke. Mita ishirini na kitu kumzunguka si mahali pa kusalimika, na jaketi la mteguaji halitoshi kumkinga akiwa karibu naye. Wataalamu wa Balkani wanamwogopa huyu kuliko wote.

Mabomu yalitegwa kati ya 1992 na 1995, mengi kwenye mistari ya mapambano iliyokuwa ikihama kila msimu. Sheria ya kijeshi inamtaka mtegaji aandike zapisnik, yaani kumbukumbu: ramani, alama ya kuanzia, mwelekeo wa dira, umbali wa kila safu, aina na idadi. Baada ya makubaliano ya Dayton yaliyomaliza vita, pande zote zilikabidhi kumbukumbu zao kwa maelfu. Nyingi zilikuwa na kasoro, na mabomu mengi hayakuandikwa kabisa. Aliyetega usiku akiwa na hofu aliandika “hatua 30 kutoka nyumba iliyoungua”, na nyumba zilizoungua katika kijiji hicho zilikuwa kumi na moja. Mwingine alianzia kwenye mti, mti ukakatwa kuni. Mwingine alitega, kikosi kikahamishwa, waliokuja nyuma yake wakatega juu ya yake. Mwaka 1996 eneo lililoshukiwa lilizidi kilomita za mraba 4,000. Bosnia iliridhia mkataba wa kupiga marufuku mabomu haya mwaka 1998, ikapewa hadi 1 Machi 2009 iwe imemaliza. Tarehe hiyo imesogezwa zaidi ya mara moja, na ya sasa ni 1 Machi 2027. Watu zaidi ya 600 wamekufa kwa mabomu haya tangu vita viishe.

Hapa inafaa tukae kidogo na ule mkono ulioandika vibaya. Kutega kulichukua dakika chache. Kama angetumia dakika kumi zaidi kupima na kuandika, angekuwa bado ametega, dhambi yake angebaki nayo, lakini angekuwa amemwachia mtu wa baadaye njia ya kuitengua. Toba tunayofundishwa ina sharti la kurudisha haki ya mwenyewe, na haki nyingine hairudi mpaka mtu aseme ilipo. Kuna wazee wapiganaji katika vijiji vile ambao miaka mingi baadaye walikwenda na wapimaji wakanyoosha kidole: pale, na pale. Kazi ya upimaji kila mara huanza na watu wa namna hiyo, kabla mashine yoyote haijashushwa kwenye gari.

Baada ya hapo ni magoti. Mteguaji hupewa njia yenye upana wa mita moja, pembeni kumevutwa utepe. Mbele yake hulaza fimbo iliyopakwa rangi. Nyuma ya fimbo pamesafishwa, mbele yake hapajulikani. Kwanza hutazama tu. Kisha huchukua waya mwembamba, huupenyeza majanini karibu na ardhi na kuuinua polepole, akisikiliza kwa vidole kama umegusa waya wa mtego. Haukugusa kitu? Ndipo akate nyasi kwa mkasi wa bustani, kidogo kidogo, azitoe kwa mkono. Sasa apitishe kigunduzi cha chuma, ambacho asubuhi hiyo alishakijaribu kwenye kipande cha mfano ili ajue kinasikia. Kikilia, huweka alama, hurudi nyuma kidogo ya sauti ilipoanzia, na kuchokonoa kwa kijiti cha chuma kiitwacho pipalica, kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi, tundu moja na jingine vikiachana sentimita mbili tatu. Mlalo huo una sababu yake: kijiti kikienda wima kitabonyeza kichwa cha bomu, kikienda mshazari kitagonga ubavu. Akigonga ubavu, hufukua kutoka pembeni mpaka aone rangi.

Kwenye ubao wa Sarajevo kuna msemo kila mtoto anaujua: taknuto, maknuto. Ukiigusa kete, lazima uisogeze. Msituni kanuni ni kinyume chake. Kilichoguswa hakisogezwi. Mteguaji haliinui bomu kulitazama, kwa kuwa chini yake pengine kuna jingine, au fataki imeoza. Huweka kando yake kipande cha baruti, watu wote wanarudi umbali uliopangwa, na linalipuliwa palepale lilipo.

Lakini siku za kulipua ni chache. Nyingi ni za misumari. Mstari wa mapambano umejaa maganda ya risasi, vipande vya makombora, mikebe ya nyama halisi, waya wa uzio. Na sehemu za Herzegovina udongo wenyewe una madini yanayokifanya kigunduzi kilie ovyo. Kila mlio unachokonolewa kwa utaratibu uleule, kama vile ndio wenyewe. Anayekufa mara nyingi hafi kwa ujinga, hufa katika mlio wa mia mbili, pale ambapo 199 ilikuwa misumari na goti linauma. Mbwa husaidia, wamefundishwa karibu na Sarajevo kukaa chini wanaponusa baruti, lakini hawapelekwi panaposhukiwa nyaya. Wasomaji wa Morogoro watawakumbuka panya buku wa pale, waliofanya kazi hii Msumbiji. Uzito wao mdogo ndio salama yao, na panya huyo hana hamu ya kumaliza haraka.

Qur'ani inawataja waja wa Rahmani kuwa ni wale watembeao juu ya ardhi kwa upole (25:63). Tumezoea kuisoma aya hiyo kama adabu ya mwendo, mtu asijivune. Ukiifikiria ukiwa na ile fimbo ya rangi mbele ya goti, upole unakuwa kipimo: sentimita ngapi kwa saa.

Kazi hii pia haikai ilipoachwa. Mvua za Mei 2014 ziliporomosha milima na kufurisha mito, mabomu na vibao vya onyo vikabebwa pamoja mpaka kwenye mashamba yaliyokuwa safi. Vigingi vya mbao vya PMR-2A, bomu jingine la waya, huoza, bomu likalala ubavu huku waya ukiwa bado umefungwa. Vibao vyekundu vyenye fuvu huibwa, na mara nyingine anayeingia anakiona kibao na anaingia vilevile, kwani baridi ya Januari haina subira na kuni za dukani zina bei. Mtu huyo tusimwite mpumbavu kabla hatujauliza nyumbani kwake kuna nini jikoni.

Eneo likimalizika, wakaguzi ambao si wa kampuni iliyofanya kazi huchagua vipande na kuvipima upya. Wakikuta hata bomu moja katika kipande, sehemu hiyo inarudiwa. Kisha hesabu inalinganishwa na zapisnik. Karatasi inasema 12. Yaliyopatikana ni 11. Huenda la kumi na mbili lilihamishwa na askari mwingine, huenda lilikanyagwa na nguruwe mwitu, huenda mwandishi alikosea kuhesabu gizani. Kiongozi wa kazi haandiki huenda. Wanavaa tena vioo vya uso, wanarudi mwisho wa safu, wanalaza fimbo, wanapiga magoti.